Dawati la Wanaoondoka

Walioniaga kambini walinipa saa ya ukutani, shuka la Kimaasai na hotuba. Saa ilisimama wiki ya pili, shuka amelichukua mama, na hotuba ilisema kwamba nimekuwa nguzo ya kambi. Nguzo ni kitu kinachosimama mahali pamoja wakati kila mtu anakipita, kwa hiyo sikuona vibaya. Lakini makarani wawili niliowaacha ofisini, Chebet na Mutiso, waliniomba niwaandikie jinsi kazi yetu inavyofanywa. Hivi ndivyo nilivyoifanya mimi. Kuna mahali nitawaambia msifanye kama nilivyofanya.

Kazi yenyewe haina jina la kujivunia. Askari akimaliza mkataba wake na kukataa kuongeza mwingine, hawezi tu kutoka getini na sanduku. Anaandika barua, barua inapokelewa na karani, karani anamuuliza sababu, anajaza fomu, anafungua faili na kulipeleka juu litiwe sahihi. Kwa miaka kumi na minne karani huyo alikuwa mimi. Askari waliiita meza yangu dawati la wanaoondoka, na wengine walikuwa wakipita mlangoni wanainama kuchungulia ni nani amekaa kwenye kiti siku hiyo, kama watu wanaopita mbele ya nyumba yenye matanga.

Mimi ni binti wa Riruta, Nairobi. Baba alikuwa na ploti ya vyumba vya kupangisha ndani kidogo ya Naivasha Road, na nimekua nikijua kwamba mpangaji akisema paa linavuja, unapanda juu na nyundo siku hiyo hiyo, la sivyo mwisho wa mwezi chumba ni kitupu. Baba hakusoma zaidi ya darasa la saba. Nilipoingia jeshini nilidhani wakubwa waliosomea vyuo vya ng'ambo wanalijua jambo hilo kumshinda.

Siku yangu ya kwanza ofisini nilipokelewa na Sajini Mkuu Okumu, mtu wa Siaya, mrefu, aliyevaa sweta ya kijani yenye viraka kwenye viwiko hata jua likiwaka. Alinionyesha taipureta.

"Umesomea kupiga chapa?"

"Ndiyo, afande. Maneno arobaini kwa dakika."

"Hii haitafika arobaini. R yake ilienda likizo na haijarudi."

Kweli, herufi hiyo ilikuwa imevunjika. Kila barua iliyotoka pale ilisema "aska i" na "ba ua," na kazi yangu ya kwanza katika kulitumikia taifa ilikuwa kujaza R kwa kalamu, ukurasa baada ya ukurasa. Tuliomba taipureta nyingine mara tatu. Jibu la mara ya tatu lilirudi likisema ombi letu halisomeki vizuri.

Okumu ndiye aliyenifundisha kazi, na hakunifundishia mezani. Kila Ijumaa alasiri alikuwa akinichukua tunatembea kwenye laini za familia, zile safu za nyumba ambazo askari wenye wake na watoto wanaishi. Alikuwa hapitii mbele. Alipitia nyuma, kwenye kamba za nguo na vibustani.

"Angalia hapa," aliniambia siku moja, akionyesha kipande cha udongo kilichojaa magugu. "Huyu mwaka jana alikuwa na sukuma wiki mpaka anagawia majirani. Huyu ataniletea barua kabla ya Krismasi."

Alileta mwezi wa Novemba. Okumu hakuwa nabii. Alijua tu kwamba askari haanzi kuondoka siku anayoandika barua, anaanza siku anayoona kupanda mboga mahali hapo ni kazi bure. Kwa hiyo Chebet na Mutiso, tembeeni. Na mpitie nyuma.

Huko nyuma nitawaambia mtakayoona, kwa maana mkikaa ofisini mtadhani askari wanaondoka kwa sababu ya vita. Katika miaka yangu yote sikupokea barua hata moja ya mtu aliyekimbia risasi. Walirudi kutoka mpakani, wengine wamezika wenzao, wakaongeza mikataba bila kelele. Walichokimbia ni choo. Laini C ilikuwa na nyumba zilizojengwa kwa familia moja moja, na kila moja ilikuwa imetiwa familia mbili, zikitenganishwa na ubao mwembamba au blanketi la kijivu la jeshi lililopigiliwa misumari kwenye dari. Maji yalikuja Jumanne na Ijumaa. Mvua ikinyesha, maji taka ya laini ya juu yalipanda kupitia bafu za laini ya chini, na akina mama wakawa wanaweka mawe juu ya mifereji kana kwamba kinachokuja ni nyoka.

Kulikuwa na askari mmoja wa kike aliyekwenda kulinda amani nchi za watu kwa mwaka mzima. Aliporudi alikuta chumba chake kimepewa mtu mwingine na vitu vyake viko stoo kwenye magunia. Panya walikuwa wamekula gauni lake la harusi, ambalo hajawahi kulivaa. Hakulia mbele yangu. Aliomba kalamu. Mwingine, kijana aliyekuwa na shabaha kuliko wote kwenye kikosi chake, aliacha bunduki akaenda kuwa bawabu wa duka huko Karen, kwa matajiri. Nilikutana naye pale mlangoni baadaye, amevaa kofia iliyomzidi kichwa, nikamuuliza kama hajuti.

"Senior," aliniambia, "hapa kuna choo ya wafanyakazi na iko na maji. Kila siku."

Sasa, fomu ya kuondoka ilikuwa na visanduku vinne vya sababu: kumaliza mkataba, afya, masomo, na sababu za kibinafsi. Gauni lililoliwa na panya ni sababu ya kibinafsi. Mtoto anayeogea kinyesi cha jirani ni sababu ya kibinafsi. Nilianza kuandika sababu za kweli pembeni mwa fomu, kwa herufi ndogo, na fomu zikawa zinarudi zikiwa na mstari mwekundu juu ya maandishi yangu.

Aliyechora mstari huo alikuwa Meja aliyesimamia maslahi ya askari. Sitamtaja jina, na halina haja, kwa kuwa kambi nzima ilimjua kama Meja Keki. Hakuwa mtu mkatili. Aliamini tu kwamba hakuna shida ya binadamu isiyotulizwa na keki. Maji yakikosa wiki mbili, tulikata keki ya Siku ya Familia. Askari watano wakiondoka mwezi mmoja, tulikata keki ya Umoja. Alikaa Karen, kwenye nyumba ya wazazi wa mkewe yenye ua mrefu wa kaiyaba, na nadhani kwa moyo safi kabisa hakuwahi kufikiri mtu anaweza kufungua mfereji na usitoe kitu.

Mwaka ambao barua zilizidi, alileta mtaalamu wa ari. Mtaalamu alikuwa na viatu vya kung'aa na kipaza sauti cha kuvaa sikioni. Aliwaambia askari mia mbili waliokaa kwenye viti vya plastiki kwamba ari inatoka ndani, na kwamba kila asubuhi mtu asimame mbele ya kioo na kujitabasamia.

Mkono ukainuliwa nyuma. "Afande, maji ni Jumanne na Ijumaa. Hizo siku zingine tutasmile kabla ya kuoga ama tungoje?"

Ukumbi ulicheka kwa muda mrefu kuliko kawaida ya watu wanaocheka. Mtaalamu pia akacheka, akaandika kwenye kijitabu chake. Ripoti yake baadaye ilisema kwamba ari ya kambi iko juu, na ilitaja kicheko hicho kama ushahidi.

Sasa nije kwa Koplo Barasa, ambaye kwa ajili yake nimeandika yote haya.

Barasa alikuwa fundi wa jenereta na pampu, mtu wa Webuye, mnene kidogo, mpole, mwenye tabia ya kuongea na mashine. Kama mmewahi kuona taa za hospitali ya kambi zikipotea na kurudi kabla daktari hajamaliza kutukana, ilikuwa kazi yake. Alikuwa akiwafundisha vijana wanne, bila kuagizwa na mtu, kila alasiri kwenye kibanda cha pampu. Alikaa Laini C na mkewe, Mama Tabby, na watoto watatu, upande mmoja wa ubao. Ukuta wa chumba chao ulikuwa na ukungu mweusi mpaka kiunoni mwa mtu mzima, na Tabby, msichana wa miaka mitano, alikuwa akipumua kwa sauti ya filimbi. Barasa alikuwa ameomba kuhamishwa mara sita. Nakala zote zilikuwa kwenye faili lake. Mwanamume aliyeleta maji kwa kambi nzima aliomba mara sita nyumba isiyo na maji ukutani.

Siku moja asubuhi aliketi kwenye kiti mbele yangu na kuweka barua mezani kwa mikono miwili.

"Nimepata kazi, afande. Hospitali moja ya watu binafsi, huku huku Ngong Road. Wanataka mtu wa jenereta zao. Wameniambia watanishikia nafasi miezi miwili."

"Na ukipewa nyumba nzuri hapa?"

Alifikiri kwa uaminifu, kama alivyofikiria kila kitu. "Ningekaa. Mimi napenda hii kazi. Lakini daktari amesema huyo mtoto asilale tena hapo."

Niliandika hayo yote pembeni mwa fomu na kulipeleka faili kwa Meja. Alilisoma akiwa amesimama dirishani.

"Huyu hatuwezi kumwachilia," akasema. "Wageni wa makao makuu wanakuja kuangalia idadi ya wanaoondoka. Na akienda huyu nani ataangalia jenereta?"

"Basi apewe nyumba, afande. Laini A kuna moja tupu."

"Hiyo ni ya wageni." Akanirudishia faili. "Hakuna haraka na hili faili, Sajini. Lisikimbie."

Hayo ndiyo maneno aliyosema. Hakuniambia nilifiche. Nimeyarudia kichwani mara nyingi, na nakiri kwamba mtu mwingine angeweza kuyasikia, akasema ndiyo afande, akalipeleka faili kwa Kanali, mkuu wa kambi, siku iliyofuata kwa njia ya kawaida. Mimi nililiweka kwenye droo ya chini kabisa ya kabati, chini ya fomu za likizo za zamani, nikafunga.

Mnataka kujua kwa nini. Mimi mwenyewe nilikuwa Laini A. Nilikuwa na tangi langu la maji, jiko langu, na mlango ambao ukiufunga unafungika, na aliyeigawa nyumba hiyo alikuwa Meja. Ndiyo hiyo tu. Ningependa kuwaambia kwamba nilikuwa na sababu kubwa zaidi.

Barasa alikuja kuuliza baada ya wiki mbili. Nikamwambia faili liko juu. Akaja baada ya mwezi, nikamwambia liko juu. Mara ya tatu hakuketi. Alisimama mlangoni na kofia mkononi.

"Wale wa hospitali wamenipigia. Wanasema mwisho ni Ijumaa."

"Bado liko juu, Barasa."

"Sawa, afande," akasema, na akaniangalia kwa muda kidogo kabla ya kuvaa kofia.

Ijumaa ikapita. Hospitali ikachukua mtu mwingine. Wageni wa makao makuu wakaja, wakaonyeshwa mchoro wa mstari unaoteremka, na Meja akasimama mbele yao akasema kwamba kwa juhudi za makusudi kambi imewabakisha mafundi wake muhimu. Tukakata keki. Ilikuwa ya chokoleti. Nilikula kipande changu chote.

Na kweli, Barasa alibaki. Alibaki kuanzia saa mbili hadi saa kumi. Mama Tabby alichukua watoto akaenda Webuye kwa mama mkwe, na Barasa akawa anaishi peke yake upande wake wa ubao. Wale vijana wanne aliacha kuwafundisha. Hakugoma, hakutoa sauti, kila alichoagizwa alikifanya, na ambacho hakuagizwa hakukigusa. Jenereta ikikohoa, zamani angeisikia akiwa mesini na kuinuka na chakula mdomoni. Sasa alingoja aletewe karatasi. Kama kuna mtu makao makuu anayetaka kujua maana ya kumbakisha askari kwa nguvu, angekuja kukaa kwenye kile kibanda cha pampu nusu saa.

Mimi nilikaa humo siku moja mchana. Nilikwenda kwa sababu nilipita nyuma ya nyumba yake siku ya Ijumaa na kuona kamba ya nguo imekatwa, na nikashindwa kuendelea kutembea. Alikuwa anapangusa spana kwa kitambaa, moja moja, akiziweka sambamba.

"Barasa, faili lako halikwenda juu. Nililiweka kwenye kabati langu."

Hakuinua kichwa. "Nilijua."

"Ulijua lini?"

"Kitu kama wiki ya tatu. Wewe hujawahi kupoteza karatasi ya mtu, afande. Watu wote wanasema hivyo. Sasa yangu ikipotea, basi si kupotea."

"Mbona hukusema kitu?"

Hapo ndipo aliponiangalia. "Ningesema kwa nani? Malalamiko yote yanaandikwa kwako."

Nimepewa nishani mbili na cheti kimoja katika utumishi wangu, na hakuna hata moja ninayoikumbuka kama sentensi hiyo.

Alasiri hiyo nililitoa faili, nikafuta vumbi, nikalipeleka moja kwa moja kwa Kanali, nikimruka Meja, jambo ambalo karani hafanyi. Nilimwambia Kanali lilikuwa wapi na kwa muda gani. Alikuwa mtu wa kuelekea kustaafu, asiyependa mambo mengi. Alilitia sahihi, kisha akanipa karipio la maandishi, ambalo nililipiga chapa mwenyewe kwa kuwa hakukuwa na mtu mwingine wa kulipiga. Meja aliniita ofisini kwake.

"Mimi sikukuambia ulifiche," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alionekana ameumia kweli.

"Hapana, afande. Hukuniambia."

"Basi kwa nini umeniharibia jina kwa Kanali?"

Nikapiga saluti nikatoka. Wiki tatu baadaye nilipokea barua kwamba nyumba yangu ya Laini A inahitajika kwa wageni, na kwamba nimepangiwa nusu ya nyumba Laini C. Nililala huko mwezi mmoja. Kisha nikarudi Riruta, kwenye vyumba vya baba, na kwa miaka iliyobaki nikawa naripoti kazini kutoka nje kama raia.

Askari anayeondoka anazungushwa. Anahitaji sahihi ya stoo ya nguo, ya ghala la silaha, ya mesi, ya hospitali, ya kila mahali ambapo huenda alikopa kijiko. Kwa kawaida inachukua wiki, kwa kuwa kila mwenye muhuri amekwenda kunywa chai. Siku ya Barasa nilizunguka naye mwenyewe, dawati hadi dawati, na nilisimama mbele ya kila aliyekuwa na muhuri mpaka akakumbuka kwamba chai inaweza kungoja. Tulimaliza kabla ya saa saba. Getini nilimpa mkono, akaupokea, akasema asante afande, akatoka. Hakugeuka nyuma, na sioni kwa nini angegeuka.

Miezi haikuwa mingi jenereta ya hospitali ya kambi ikazima na ikakataa kabisa. Wale vijana wanne waliizunguka siku mbili. Mwishowe jeshi likafanya linalofanya siku hizi: likaita kampuni kutoka mjini. Kampuni ikatuma gari jeupe na fundi mmoja ndani yake, amevaa ovaroli safi ya buluu, na getini ikabidi aandike jina lake kwenye kitabu cha wageni na kungoja kusindikizwa. Jina aliloandika lilikuwa Barasa.

Alichukua saa moja na nusu. Meja alitoka kumsalimu kwa mikono miwili, akamwita Bwana Barasa, akamkaribisha chai kwenye mesi ya maofisa, mahali ambapo koplo haruhusiwi hata kupita dirishani. Barasa akasema dereva anamngoja. Kisha akaja kwangu, kwa sababu kadi ya kazi iliyofanywa lazima ipigwe muhuri na karani.

"Habari ya kazi, madam," akasema. Hakuniita afande, na hakuketi.

"Nzuri. Imepona?"

"Imepona. Hiyo filta wabadilishe, wasingoje iombwe."

Nikapiga muhuri, nikatia sahihi, nikaiweka kadi kwenye trei ya kupeleka juu, na nikamwambia kampuni yake itapata nakala yao baadaye.

"Nitangoja yangu," akasema.

Aliongea kwa upole, bila kununa. Nikainuka, nikaenda kwenye mashine, nikatoa nakala, nikaipiga muhuri nayo, nikaandika tarehe na saa. Yeye alisimama pale mbele ya meza muda wote huo, mikono nyuma. Nilipompa, akaisoma kutoka juu hadi chini. Akaangalia tarehe. Akaisoma tena. Ndipo akaikunja na kuitia mfuko wa ndani.

Tangu siku hiyo hakuna aliyeondoka mbele yangu bila nakala yake mkononi, na muhuri wa siku hiyo juu yake. Chebet na Mutiso, mkiwa hamtakumbuka neno lingine hapa, kumbukeni hilo, hata mkubwa akiwaambia hakuna haraka. Tabby anaendelea vizuri, yuko shule, kifua kimetulia. Niliambiwa na mmoja wa wale vijana wanne, ambaye naye sasa anafanya kazi pamoja na Barasa. Barasa mwenyewe hakuniambia, na mimi sikumuuliza.